Fahali wa Mzee Sitienei

Jumatatu, 24 Machi
Mvua bado. Kiplombe yote imeshalima, watu wanatembea wakiangalia juu utafikiri kuna ndege inakuja kuwachukua. Sisi badala ya mvua tumeletewa mgeni wa miguu minne.

Mzee Sitienei amemleta mwenyewe kutoka Kaptagat kwa lori. Fahali mweusi, baka jeupe kwenye paji la uso, sikio la kushoto limepasuka, shingo nene kuliko mlango wetu wa jikoni. Ametuwekea. Ndivyo wazee wetu walivyofanya tangu zamani, unampa rafiki ng'ombe wako akae naye, amlishe, afaidi maziwa au ndama, lakini ng'ombe anabaki wako. Aliyewekewa hauzi wala hachinji. Na kukataa kupokea ni kumtukana mwenzako mchana kweupe.

Tungemkatalia vipi huyu hasa? Alikuwa rika moja na marehemu baba mkwe wangu na ndiye aliyesimamia mazishi yake. Ndiye aliyeongoza wazee waliokuja kwetu kuniposa. Kanisani akisimama kuomba hata watoto wananyamaza. Mtu akiniuliza mwanamume mwema ni yupi, namtaja yeye kabla ya mume wangu, na mume wangu anajua.

Wasike amemshusha. Wasike ni kijana wetu wa ng'ombe. Ana miaka arobaini na kitu na bado tunamwita kijana. Huja kwa baiskeli kila asubuhi kutoka Huruma alikopanga chumba. Kipkemboi, mume wangu, alikuwa nje ya ua na simu sikioni.

26 Machi
Wasike amempa fahali jina. Anamwita Chairman, kwa sababu hafanyi kazi yoyote na anataka kila mtu asimame akipita.

29 Machi
Jua. Majani ya nepia yanakauka. Chairman anakula ya ng'ombe wawili.

2 Aprili
Mvua imekuja mchana na mawe yake, bati likapiga kelele mpaka tukashindwa kusikilizana. Nilifurahi nikasimama barazani nikalowa makusudi.

Kisha nikamwona Wasike akiruka ua. Si kupanda, kuruka. Alikuwa amekwenda kufungua mfereji wa maji zizini, Chairman akaparura ardhi kwa kwato, akainamisha kichwa na kumjia. Wasike aliangukia upande wetu huku anacheka. Kipkemboi akamwambia kutoka barazani, "Ni mgeni huyo, atazoea." Halafu akasema anaenda mjini kutafuta bolti ya trekta.

5 Aprili
Matope.

6 Aprili
Matope. Kipkemboi mjini, bolti tena.

9 Aprili
Leo nimekaribia kufa na ninaandika ili niamini.

Tulikuwa tunapanda mahindi shamba la chini. Nilirudi nyumbani kuchukua ndoo ya mbolea, nikakumbuka iko zizini karibu na hori. Chairman alikuwa kule mwisho ananipa mgongo. Nikasema naingia na kutoka. Nilikuwa nimeinama nishike ndoo niliposikia kishindo. Sikumwona akigeuka. Nilimwona tu ameshafika, ile shingo yote, na pumzi yake ikanipiga usoni ikiwa ya moto.

Nilijitupa nyuma ya hori. Aligonga saruji na ikapasuka. Akarudi nyuma, akagonga tena. Ng'ombe nimekaa nao tangu nikitambaa. Nimepigwa mateke na kukanyagwa kidole mpaka kucha ikatoka, lakini sijawahi kuona ng'ombe anayerudia mahali alipokukosa, kwa utulivu, kama mtu anayepasua kuni. Mbwa ndiye aliyeniokoa. Alimbwekea akageuka, nami nikapita chini ya waya na sketi ikabaki huko.

Nilimweleza Kipkemboi. Uso wake ulibadilika rangi. Akanishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia, akasema, "Wewe usiingie mle tena. Hata siku moja. Kazi ya mle ni ya Wasike."

Miaka kumi na saba ya ndoa, sijawahi kumwona ameniogopea hivyo. Nakiri nililala nikiwa na furaha kidogo, pamoja na magoti yangu yaliyochubuka.

10 Aprili
Nimempigia Mzee Sitienei. Nilijitayarisha kusema kwa heshima, nikamweleza hori limepasuka na mimi nusura nipasuke. Alicheka polepole.

"Binti yangu, huyo ni mpole. Hajawahi kugusa mtu. Ng'ombe akibadilishiwa boma anakasirika kidogo, hata wewe ulipoolewa ulilia."

Nikacheka pia. Nikaona aibu kumsumbua mzee wa watu kwa sababu ya sketi.

12 Aprili
Kipkemboi amempeleka mwanetu Byron kwa dada yangu Vivian kule Kapsabet, likizo yote. Mtoto hana hata wiki nyumbani. Nilipouliza akasema huku hakuna kitu, ni matope tu. Tangu lini Kiplombe ikakosa matope?

15 Aprili
Mahindi yameanza kuchipua. Mvua nzuri, ya pole.

20 Aprili, Pasaka
Mzee Sitienei alihubiri kanisani kwetu kama mgeni. Alisema juu ya mchungaji anayeyatoa maisha yake kwa ajili ya kondoo. Nililia.

23 Aprili
Chairman amevunja nguzo mbili za ua. Wasike amezibadilisha peke yake. Nilimwambia Kipkemboi amsaidie, mgongo ukaanza kumuuma.

29 Aprili
Sijui nianzie wapi. Nina damu chini ya kucha na nimenawa mara nyingi.

Ilinyesha usiku kucha. Asubuhi zizi lilikuwa uji. Wasike aliingia na mzigo wa nepia begani, kama kila siku, akipita kando ya ua. Mimi nilikuwa kibandani nakamua. Sikusikia kelele yoyote kutoka kwake. Nilisikia ua ukilia, mbao zote kwa pamoja, nikatoka nje na ndoo mkononi.

Chairman alikuwa amembana kwenye nguzo ya kona. Kichwa kilikuwa chini na kilikuwa kinasukuma. Kinapumzika, kinasukuma tena. Wasike alikuwa bado ameshika nepia. Mdomo wake ulikuwa wazi na hakuna sauti iliyotoka.

Na Kipkemboi alikuwa pale. Hili ndilo ninalotaka kuandika vizuri. Alikuwa getini, upande wa nje, mkono wake uko kwenye komeo. Alikuwa na rungu. Nilipiga kelele, "Fungua! Baba Byron, fungua!" Aliniangalia. Mkono haukuondoka kwenye komeo na komeo halikusogea.

Nilikimbilia pikapu. Sijui niliwashaje, siku nyingine hukohoa robo saa. Niliingia nayo kupitia ua, nguzo zikavunjika, taa ikavunjika, nikashika honi sikuiachia. Chairman aligeuka akaigonga pikapu mlangoni, upande wangu, mlango ukaingia ndani mpaka ukanigusa paja. Aligonga tena. Nikaendelea kumsukuma na gari, matope yanaruka, mpaka jirani yetu Wachira alipokuja na watu wake na mabati wakayapiga, na yule mnyama akaenda zake kona ya mbali akaanza kula nepia. Ile ile ya Wasike. Alikula kama hakuna kilichotokea.

Wasike alikuwa anapumua kwa sauti ya mtu anayenyonya uji wa moto. Tulimbeba kwa mlango wa stoo. Njiani kuelekea hospitali aliniuliza kama nimemaliza kukamua.

Kipkemboi alikaa nyuma ya gari la Wachira akiwa ameshika miguu ya Wasike. Alikuwa analia. Nilimhurumia. Nilijiambia hofu inaweza kumkamata mtu yeyote.

30 Aprili
Mbavu nne, pafu moja limetobolewa, nyonga imevunjika. Daktari amesema ataishi. Alisema pia kwamba asitegemee kubeba mzigo tena.

1 Mei
Wachira na watu wake wameimarisha ua kwa magogo. Chairman analishwa kwa kutupiwa nepia kutoka nje. Kipkemboi anatupa.

2 Mei
Mzee Sitienei amepiga simu. Ameomba kwa simu dakika nyingi. Amesema haelewi, huyo mnyama hajawahi.

3 Mei
Nimetoka hospitali na nimekaa ndani ya gari lililozimwa hadi nikaweza kushika usukani.

Nilimkuta mwanamke kando ya kitanda cha Wasike, amekuja na chai kwa thamosi. Wasike alikuwa amelala kwa dawa. Akasema anaitwa Nabalayo, ni jirani yake wa ploti moja Huruma, anauza mboga hapo steji ya matatu. Mke wa Wasike yuko Kimilili na bado hajapata njia ya kuja, kwa hivyo yeye anapitia kila jioni.

Tukaongea vitu vya wagonjwa. Kisha akaniuliza ni ng'ombe wa aina gani. Nikamwambia ni fahali, si wetu hata, tumewekewa na mzee mmoja wa Kaptagat.

Akaweka kifuniko cha thamosi chini. "Ni mweusi?"

"Ndio."

"Ako na nyeupe hapa?" Akajigusa kati ya macho.

"Ndio."

"Sikio ya left imepasuka."

Hakuuliza hilo la mwisho. Alisema tu. 

"Bwana yangu alikuwa anaitwa Murunga," akasema. "Alikuwa anachunga kwa huyo Mzee Sitienei. Huyo bull ndio ilimuua, mwezi wa kumi na moja. Alikuwa ananitumia picha yake kwa simu. Alikuwa anaipenda."

Nikamwambia labda ni fahali mwingine. Nilijisikia nikisema hivyo na nikajionea haya.

"Mzee alikuja matanga kwetu Webuye," Nabalayo akasema. "Akasimama mbele ya watu wote, akasema amechinja huyo ng'ombe, haiwezi kuishi na imemwaga damu ya mtu. Wazee wetu wakamshukuru. Mimi mwenyewe nilimpea mkono, Mama. Na mikono mbili."

Alikuwa hapazi sauti. Alimfunika Wasike miguu vizuri, akaondoka na kuisahau thamosi.

"Hajawahi kugusa mtu." Mzee aliniambia hivyo akicheka. Kisha akaja kwetu Pasaka akahubiri habari za mchungaji mwema, na mimi nikalia kwa leso.

4 Mei, Jumapili
Sikwenda kanisani. Nilimngoja Kipkemboi arudi, nikamkalisha jikoni, nikamweleza yote. Murunga, Webuye, sikio, mazishi. Nilikuwa nimejipanga kumtuliza, kwa sababu niliona atashtuka kama mimi.

Hakuuliza swali hata moja. Hakusema "unasemaje?" wala "nani amekuambia?" Alikuwa anaangalia mafiga.

Nikamsogelea. "Baba Byron. Ulijua?"

Akasema ilikuwa ajali. Akasema Mzee alimweleza kabla ya kumleta. Watu wa Kaptagat walikuwa wanaongea sana, akaomba tu tukae naye hadi maneno yapoe. Mbegu yake ni nzuri, ingekuwa hasara kumchinja. "Ningemkatalia aje, Linet? Huyo ndiye alimzika baba."

"Na Wasike ulimwambia?"

"Nilimwambia awe mwangalifu."

"Ulimwambia kwa nini?"

Akainuka akaenda kuangalia ng'ombe, yaani akaenda kusimama nje ya ua.

Tangu hapo nimekaa hapa na siku zote zinarudi moja moja. Sijamwona Kipkemboi ndani ya lile zizi tangu lori lifike. Hata mara moja. Bolti ya trekta, mgongo, simu. Byron akapelekwa Kapsabet. Mimi nikashikwa mkono: usiingie, kazi ya mle ni ya Wasike. Alituhesabu wote nyumbani humu, akaona nani hapaswi kufa, akabaki mmoja.

Nilidhani ni mapenzi. Huenda yalikuwa mapenzi kweli, na hilo ndilo linanitisha zaidi. Sijui nimelala na nani miaka yote hii.

5 Mei
Mvua. Sijapika.

6 Mei
Mzee Sitienei amekuja na lori. Kipkemboi alimwita, mimi sikujua. Alishuka na kofia yake na fimbo yake, akanisalimia binti yangu, akasema amesikitika mno na amekuja kutuondolea mzigo. Atampeleka kwa rafiki yake mwingine upande wa Moiben.

Nikadhani sijasikia vizuri. "Moiben?"

"Kuna boma kubwa huko. Atatulia."

"Na huyo rafiki umemwambia ameua mtu?"

Dereva wa lori aligeuza kichwa haraka. Alikuwa hajaambiwa pia.

"Binti yangu," Mzee akasema, bila hasira, kwa sauti ile ile ya kanisani, "mambo ya ng'ombe acha wanaume waongee."

"Sawa, Mzee. Basi mwanamume aingie amtoe."

 Mzee akamwangalia Kipkemboi. Kipkemboi akaangalia viatu vyake. Dereva akasema yeye ameajiriwa kuendesha. Mvua ikaanza tena na wote watatu wakasimama hapo wanalowa, na Chairman kule ndani anawatazama, na hakuna aliyegusa komeo. Nilisubiri. Nilitaka mmoja wao aone haya aseme kitu cha kweli.

Mzee akavua kofia. Akasema, "Tuombe."

Akaomba. Alimtaja Wasike kwa jina, aliombea mbavu zake. Mimi sikufumba macho, nilimwangalia mdomo mpaka akamaliza.

Alipomaliza nikamwambia, "Mzee, mke wa Murunga yuko njiani na boda. Nimemwambia uko hapa. Anataka kukusalimia."

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukianguka namna hiyo. Aliangalia barabara. Akavaa kofia, ikakaa vibaya. "Chinjeni," akasema. "Iteni mtu wa bucha. Mimi nimeruhusu." Na alikuwa ameshafungua mlango wa lori.

Hakuna boda iliyokuwa inakuja. Nilikuwa sijampigia Nabalayo. Nilisema uongo na sijautubu, na kinachonishangaza ni jinsi ulivyofanya kazi upesi, wakati damu ya watu wawili haikufanya chochote.

8 Mei
Watu wa bucha wamekuja kutoka mjini. Walifunga mtamba wetu mwenye joto ndani ya lori, wakaegesha lori kwenye mlango wa zizi, na Chairman akapanda mwenyewe bila fimbo. Upole mtupu. Wachira alicheka, mimi nikashindwa.

Safari hii nilikuwa nimempigia Nabalayo kweli. Alikuja na gauni lake la kanisani. Akaomba kupanda mbele na dereva mpaka machinjioni. Nikamwambia si lazima ajitese.

"Mara ya kwanza niliambiwa tu," akasema. "Sasa nataka kuona."

9 Mei
Kipkemboi analala chumba cha Byron. Anakamua asubuhi na jioni. Hatuongei, isipokuwa juu ya ng'ombe.

13 Mei
Palizi ya kwanza. Mahindi yamefika magotini na ni mazuri sana. Sikutarajia kuyapenda mwaka huu, lakini nimeyapenda.

17 Mei
Nimeenda hospitali. Wasike anakaa sasa, wamemwegemeza kwa mito. Mkewe amefika kutoka Kimilili na alikuwa amekwenda kufua. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mambo ya kawaida: mshahara utaendelea, kazi nyepesi itapatikana, ng'ombe wanakusalimia. Akacheka hapo, akashika mbavu.

Kisha akauliza, akiangalia shuka. "Mama Byron, nimesikia kwa Nabalayo ile maneno. Mzee alikuwa anajua?"

Alikuwa anamaanisha Kipkemboi. Humwita Mzee ingawa wamezaliwa mwaka mmoja.

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na hilo neno mdomoni, tayari kabisa, na lingemsaidia kila mtu: yeye, mimi, mwanamume anayekamua ng'ombe nyumbani. Nikasema, "Alijua."

Wasike alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia jibu la hesabu.  Nilifikiri atanitukana, na ningemshukuru.

"Ile siku lori ilikuja," akasema, "kabla tushushe ng'ombe, Mzee aliniita kando. Alikuwa ametoka town. Akanipatia gambuti mpya, zile buti za mpira. Akaniambia, 'Wasike, hizi zinashika matope. Hata ukikimbia huwezi kuteleza.'"

Akapangusa uso kwa mkono ule usio na sindano.

"Nilifurahi, Mama Byron. Nilipigia mpaka bibi simu, nikamwambia Mzee amenikumbuka."

Mkewe akarudi na ndoo ya nguo, akanisalimia kwa mikono miwili, akanishukuru kwa yote tunayomfanyia mume wake.